Mbwa Mchanga na Viunzi: Aanze Lini?

Mchezo wa mbwa kuruka viunzi ulionyeshwa hadharani mara ya kwanza mwaka 1978, kwenye maonyesho ya Crufts jijini London. John Varley na Peter Meanwell waliuandaa ili kuwachangamsha watazamaji katikati ya mashindano mengine, wakiiga farasi wanavyorushwa vizuizi. Leo unachezwa nchi nyingi: mbwa huruka fito, hupenya handaki, hupanda daraja na kupita zigizaga kati ya nguzo, mwenyewe akikimbia kando yake. Ukiwa na mtoto wa mbwa asiyetulia, utatamani aanze kesho. Methali ya samaki mkunje angali mbichi inakufaa hapa kwa upande mmoja tu: fundisha akili mapema, mifupa iache ikomae.

1. Anza na masikio. Tangu wiki ya nane anaweza kujifunza jina lake, "njoo" na "subiri". Dakika mbili tatu kwa kipindi zinatosha. Mlipe papo hapo kwa kipande kidogo cha maini yaliyochemshwa, kisha acha kabla hajachoka. Mbwa asiyekuja akiitwa hawezi mchezo huu, hata awe mwepesi vipi.

2. Mwonyeshe dunia mapema. Hadi kufikia takriban wiki ya 14, mtoto wa mbwa huzoea mambo mapya kwa urahisi kuliko atakavyozoea baadaye. Mpitishe juu ya nyasi, mchanga, turubai na bati lililolazwa chini linalolia akilikanyaga. Kama chanjo hazijakamilika, mbebe mnapotoka, wala usimshushe wanapopita mbwa wengi; ugonjwa wa parvo huua watoto wa mbwa.

3. Mjulishe miguu yake ya nyuma. Laza ngazi chini na umwongoze polepole apite kati ya vipago vyake. Mtazame vizuri: miguu ya mbele itachagua pa kukanyaga, ya nyuma itaburuzika na kugonga mbao. Akirudia kwa siku kadhaa, utaona anaanza kuinua mguu mmoja mmoja. Ustadi huo ndio utakaomwokoa asianguke darajani.

4. Handaki laweza kutangulia. Akiwa na miezi mitatu au minne, mpe handaki fupi, lililonyooka, lisiloteleza. Mtu mmoja amshike upande huu, wewe uchutame upande wa pili, muonane macho kwa macho, halafu umwite. Akisita, usimvute. Fupisha handaki zaidi, kisha ujaribu tena.

5. Fito zikae chini. Mifupa mirefu ya mbwa hukua kupitia gegedu laini zilizo karibu na ncha zake. Kwa mbwa wadogo, nyingi hufunga kati ya miezi 9 na 12. Kwa wakubwa, kati ya 14 na 18, na kwa wakubwa mno huchelewa zaidi. Gegedu ikiumia kabla ya hapo, mguu unaweza kukua ukiwa umepinda au mfupi. Kwa hiyo laza fito ardhini, au usizipandishe kupita kifundo cha mguu wake wa mbele.

6. Nguzo na ubao wa kupanda na kushuka visubiri. Nguzo 12 zilizopangwa kwa nafasi ya sentimita 60 hupinda uti wa mgongo huku na huku, tena na tena. Kwa sasa zitenge ziwe safu mbili, apite katikati akiwa amenyooka. Ubao nao uwe karibu kugusa ardhi, ili azoee mlio na mtikisiko tu.

7. Tazama umri wa mashindano. FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, na Kennel Club ya Uingereza huruhusu mbwa kushindana akifikisha miezi 18. Kwa AKC, chama cha mbwa cha Marekani, ni miezi 15. Huo ni umri wa kuingia uwanjani akiwa tayari ameiva, kwa hiyo usiuharakishe.

8. Mshirikishe daktari wa mifugo. Kabla ya kupandisha fito, mpeleke akapimwe, hasa kama ni wa aina kubwa kama German Shepherd, ambao nyonga zao huwa na matatizo. Picha ya eksirei itaonyesha kama gegedu zimefunga. Uzito nao uangaliwe, kwa kuwa kila kilo ya ziada hulemea viungo anapotua.

9. Usome mwili wake. Fanyeni mazoezi asubuhi au jioni, kwenye nyasi, kamwe si kwenye saruji au vigae. Akichechemea, akikataa kiunzi alichokizoea, au akikimbia kwa kurusha miguu yote miwili ya nyuma kwa pamoja, simamisha mazoezi na umpeleke kwa daktari.

Mbwa aliyefundishwa hivi hapotezi kitu kwa kusubiri. Mifupa ikishakomaa, atakuwa tayari anajua kusubiri, kuja akiitwa na kuweka kila mguu mahali pake. Kazi itakayobaki ni kupandisha fito, kidogo kidogo.