Kumuaga T'Challa: Je, Mkristo Anaruhusiwa Kulia?



Wapendwa vijana, Novemba ni mwezi wa kuwaombea marehemu. Leo tujifunze kupitia muvi ambayo wengi tumeiona, iwe kwenye simu au banda umiza: Black Panther: Wakanda Forever.

Ilitoka Novemba 2022, ikiwa mwendelezo wa ile ya 2018. Katikati hapo, Chadwick Boseman aliyeigiza mfalme T'Challa alifariki kwa saratani ya utumbo mpana, tarehe 28 Agosti 2020, akiwa na miaka 43. Nafasi yake hakupewa mwingine. Mwongozaji Ryan Coogler akaandaa hadithi ambamo T'Challa naye anafariki. Basi Mkenya Lupita Nyong'o, Florence Kasumba mzaliwa wa Kampala na wenzao waliigiza msiba huku wakimuaga mwenzao kweli.

1. Sayansi ina mpaka
Shuri, dada wa mfalme, ni mwanasayansi hodari wa Wakanda. Anahangaika maabara kutafuta dawa ya kaka yake, lakini wapi! Tusiidharau sayansi, ukiumwa, nenda hospitali. Ila maabara hueleza mtu amekufa kwa nini. Yuko wapi sasa? Hilo halipimwi kwa mashine.

2. Kuzuia machozi siyo imani
Mwaka unapita, mama yake anamwita wachome nguo za msiba. Shuri anakataa. Huzuni aliyoifungia moyoni inageuka hasira, na hasira inamsukuma kwenye kisasi. Huku kwetu Nanyala, kijana akifiwa anaambiwa, "Jikaze, wewe mwanaume!" Lakini Yesu alilia kwa ajili ya Lazaro, ingawa alijua atamfufua (Yoh 11:35). Mtakatifu Augustino alijizuia kwenye maziko ya mama yake Monika, mwaka 387. Baadaye akayaachia machozi mbele ya Mungu. Paulo naye hakukataza huzuni, alikataza huzuni isiyo na matumaini (1 Thes 4:13).

3. Sisi tuna zaidi ya kumbukumbu
Mwishoni Shuri anafika Haiti kwa Nakia, yaani Lupita. Pale ufukweni anaichoma ile nguo, anamkumbuka kaka yake, machozi yanamtoka. Ni jambo jema. Ila kumbukumbu inamsaidia anayekumbuka tu. Mkatoliki anaweza bado kumsaidia marehemu mwenyewe: kumwombea na kumtolea Misa (2 Mak 12:43-46). Kumbe kuaga kwetu siyo kukata mawasiliano!

Ya kufanya wiki hii
• Ni marehemu gani hujawahi kumlilia? Mtaje kwa jina mbele ya Mungu, kisha peleka nia ya Misa parokiani.
• Nani jumuiyani kwenu amefiwa karibuni? Nenda ukakae naye. Usimwambie ajikaze.

Tusali: Ee Yesu uliyelia kwa ajili ya rafiki yako, yapokee machozi yetu, na uwapokee wapendwa wetu waliotutangulia. Amina.