Jamii Isiyo na Matabaka, Yawezekana?

JUMATANO

Soma Kumb. 15:4, 11. Fungu la 4 lasema hapatakuwa na maskini. Fungu la 11 lasema maskini hawatakoma. Kwa nini Mungu aliyaweka maneno hayo mawili katika sura moja?

Tarehe 5 Februari 1967 nchi yetu ilitangaza Azimio la Arusha, likilenga jamii isiyo na mnyonyaji wala mnyonywaji. Kiongozi alikatazwa kuwa na mishahara miwili, kumiliki hisa katika kampuni, au kupangisha nyumba. Azimio lilionya pia kwamba viwanda vikijengwa mjini kwa mikopo, anayeilipa ni mkulima, kwa mazao yake. Lakini mwaka 1991, huko Zanzibar, chama kililegeza masharti hayo ya uongozi. Sheria huweza kuuzuia mkono. Tamaa ya moyo haiiwezi.

Itazame pia reli ya TAZARA, iliyokabidhiwa mwaka 1976. Wachina walioijenga na sisi tuliojengewa, wote tulihubiri usawa. Hata hivyo, msafiri aliyekata tiketi katika stesheni ya Mbeya, jirani na Iyunga, alichagua: daraja la kwanza, la pili au la tatu.

Je, viwanda ndivyo vilivyoleta matabaka? Soma Kut. 5:6–9. Farao hakuwa na mashine, ila alikuwa na wasimamizi, na hesabu ya matofali isiyopunguzwa. Mashine huukuza tu ubinafsi uliokwisha kuwamo moyoni.

Soma Kumb. 5:14, 15. Ni nani wanaotajwa kuwa wapumzike, na kwa sababu gani?

Mungu hakuifuta kazi. Aliweka siku moja katika saba ambayo mtumwa hupumzika sawasawa na bwana wake, kwa kuwa bwana huyo naye alikuwa mtumwa Misri. Siku hiyo meneja na kibarua hupiga magoti pamoja, na hakuna anayemwandikia mwenzake mahudhurio.

Kanisa la kwanza lilikwenda mbele zaidi (Mdo 4:32–35). Hakuna aliyelazimishwa, Petro alimwambia Anania wazi kwamba shamba lilikuwa lake (Mdo 5:4). Hata hapo wajane wengine walisahauliwa katika huduma ya kila siku. Mitume hawakuficha kosa hilo wala kukata tamaa; walichaguliwa watu saba wa kulisimamia jambo hilo (Mdo 6:1–6).

Basi, jamii isiyo na matabaka kabisa tunaingojea katika nchi mpya, ambako ajengaye ndiye atakayekaa ndani ya nyumba (Isa. 65:21, 22). Lakini kungojea si kisingizio cha kukaa kimya. Sabato asubuhi familia nzima imevaa vizuri na kwenda kanisani, na binti wa kazi amebaki jikoni akipika chakula cha wageni. Kumb. 5:14 inamtaja yeye. Kibarua aliyepakua mifuko yetu Jumatatu amezungushwa malipo hadi Ijumaa. Yak. 5:4 inamtaja yeye. Kwenye makambi, wengine huandaliwa meza na wengine hupanga foleni juani. Yak. 2:1–4 inatutaja sisi.

Katika nyumba yako au kazini kwako, ni nani ambaye hapumziki Sabato kwa sababu yako? Utabadili nini kabla jua halijazama Ijumaa hii?