Kumfundisha Mtoto wa Mbwa Asiume

Mtoto wa mbwa aletwapo nyumbani, watu wote humfurahia. Watoto humkimbiza uani, naye huwakimbiza. Huwashika vidole kwa meno yake madogo, huvuta pindo la kanga na miguu ya suruali, na watu wazima hucheka. Baada ya miezi sita mbwa yule yule, ambaye sasa amekuwa mkubwa na mwenye nguvu, humrukia mtoto anayetoka shuleni na kumchana mkono. Hapo hakuna acheckaye tena. Mbwa hupigwa kwa fimbo, hufungwa mnyororo, na pengine huuawa. Lakini hakutenda neno jipya. Alitenda lile lile alilochekewa alipokuwa mdogo.

Mambo ya namna hii hutokea mijini na mashambani pia. Mara nyingi si kwamba mbwa yule alizaliwa na tabia mbaya, bali hakufundishwa kwa wakati wake. Mafunzo yenyewe hayahitaji fedha wala mwalimu wa kuajiriwa. Yahitaji dakika chache kila siku, uvumilivu, na watu wote wa nyumba kuwa na shauri moja.

Sababu za kuuma

Mtoto wa mbwa huzaliwa bila meno, na macho yake yamefumba. Macho hufumbuka apatapo wiki mbili hivi. Meno ya utoto huanza kuota wiki ya tatu au ya nne, mpaka yatimie 28, nayo ni makali kama sindano. Kuanzia mwezi wa nne meno hayo hung'oka kidogo kidogo, na kufikia mwezi wa saba meno 42 ya ukubwa huwa yamekwisha kuota. Katika muda huo ufizi humsumbua, naye hutafuna kila akionacho. Tena mbwa hana mikono. Kinywa ndicho chombo chake cha kushikia, kuchezea na kujulia vitu.

Walimu wake wa kwanza ni ndugu zake waliozaliwa pamoja naye. Wanapocheza kwa kuumana, mmoja akizidisha nguvu, mwenzake hulia kwa sauti kali na kuuacha mchezo. Yule mwumaji hubaki peke yake. Akimwuma mama yake wakati wa kunyonya, mama huinuka akaenda zake. Kwa njia hiyo hujifunza kwamba meno makali huondoa furaha, naye huzoea kuyatumia kwa upole. Kwa hiyo haifai kumwondoa mtoto wa mbwa kwa mama yake kabla ya kutimiza wiki nane. Aliyechukuliwa akiwa na wiki nne au tano amelikosa somo hilo, na mwenye kumfuga hana budi kulifundisha mwenyewe.

Udongo uwahi ungali maji. Tangu wiki ya tatu mpaka kama ya kumi na mbili au ya kumi na nne, akili ya mtoto wa mbwa huwa wazi sana kupokea mambo mapya. Akiwazoea watoto, wazee, wageni, ng'ombe, baiskeli na ngurumo za magari kwa amani katika siku hizo, hatavihofu baadaye. Na mbwa asiye na hofu haumi ovyo.

Namna ya kumkomesha

Mtu anayecheza na mtoto wa mbwa akiumwa, afanye kama wafanyavyo ndugu zake. Aseme neno moja fupi, kama vile "Acha!", kisha auache mchezo pale pale. Asiuvute mkono kwa ghafula, maana mkono unaokimbia humfanya mbwa aukimbilie. Autulize, asimame, amgeuzie kisogo, asimtazame wala kusema naye kwa muda wa nusu dakika hivi. Mbwa akitulia, mchezo uanze tena. Akiuma tena, mchezo ukome tena. Akirudia mara ya tatu, mtu aondoke kabisa na kumwacha peke yake dakika moja au mbili.

Pamoja na hayo, apewe kitu anachoruhusiwa kutafuna, kwa mfano kamba nene iliyofungwa fundo. Kila anapoelekeza meno kwenye mkono au nguo, awekewe kamba hiyo kinywani, na akiishika asifiwe. Asipewe kiatu kikuukuu, kwa kuwa hawezi kutambua tofauti kati ya kiatu kilichotupwa na kile cha kuendea kazini. Asipewe gunzi la mahindi, kwani akilimeza laweza kumziba matumbo na kumwua. Mifupa ya kuku iliyopikwa nayo ni hatari, maana hupasuka vipande vyenye ncha kali.

Yafaa kukumbuka pia kwamba mtoto wa mbwa hulala sana, pengine saa 18 katika siku moja. Aliyechoka huuma zaidi, kama vile mtoto mchanga alivyo na kilio anapotaka usingizi. Watoto wa nyumbani wafundishwe kutomwamsha, kutomgusa anapokula, na kutomvuta mkia wala masikio. Wakicheza naye, mtu mzima awe karibu.

Ubaya wa fimbo

Wengi hudhani kwamba dawa ya meno ni kipigo. Mbwa aliyepigwa huweza kuacha kwa siku ile, lakini alichojifunza ni kwamba mkono wa mtu huleta maumivu. Siku mtoto atakaponyosha mkono ili kumpapasa, mbwa huyo aweza kuuma kwa hofu. Vivyo hivyo haifai kumwadhibu mbwa kwa sababu amenguruma. Kunguruma ni onyo lake. Akipigwa mpaka aache kuonya, ataanza kuuma bila kuonya.

Jambo kubwa katika kumfunza mnyama ni wakati. Ivan Pavlov, mtaalamu wa Urusi aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904, alionyesha kwamba mbwa aliyezoea kupata ishara fulani kabla tu ya kupewa chakula, huanza kutokwa na mate kwa ishara ile, hata kabla chakula hakijaonekana. Mbwa huunganisha mambo yanayofuatana upesi. Basi sifa au kipande kidogo cha chakula kitolewe mara tu atendapo vema, kabla hajageukia jambo jingine. Na mtu arudiye jioni akakuta kiatu kimetafunwa tangu asubuhi, asimpige mbwa wake. Mnyama hatakumbuka kiatu, ila atajua kwamba bwana wake akirudi huja na kipigo.

Neno moja kwa nyumba nzima

Mafunzo mengi huharibika kwa sababu baba husema "Acha!", mama husema "Toka!", mtoto hucheka, na kijana wa jirani humchochea kwa "Shika!" Mbwa hawezi kufuata sheria nne. Watu wa nyumba wapatane maneno machache, kama "Acha", "Njoo" na "Kaa", na kila mmoja ayatumie kwa maana ile ile. Jina lake litamkwe kwa wema tu. Mbwa aitwaye Simba, ikiwa kila aitwapo hukaripiwa, hatakuja aitwapo.

Mfano mwepesi ni wa mbwa anayerukia watu. Wageni wakimsukuma kwa mikono huku wakipiga kelele, yeye huona kwamba mchezo umeanza. Kila mtu asimame kimya, amgeuzie kisogo, na asimpapase mpaka miguu yake yote minne iwe chini. Baada ya siku kadhaa ataona kwamba kusimama vema ndiko kunakomletea salamu.

Anayekimbiza kuku afungwe kamba, akae mbali kidogo nao, na kila ageuzapo macho kumtazama bwana wake apewe kipande cha chakula. Asogezwe karibu kidogo kidogo, siku baada ya siku, wala asifunguliwe mapema. Kwa habari ya haja, mtoto wa mbwa wa miezi miwili hawezi kuzuia kwa muda mrefu. Atolewe nje kila aamkapo, kila amalizapo kula na kila baada ya mchezo, naye asifiwe afanyapo mahali panapofaa.

Je, mlinzi hataharibika?

Wako wasemao kwamba mbwa aliyefunzwa upole hatalinda nyumba, na kwa ajili hiyo humfungia kibandani kutwa, au humlisha pilipili, ili awe mkali. Pilipili humwumiza tumbo tu. Naye aliyefungiwa kutwa bila kuona watu hajui kutofautisha mwizi na mtoto wa nyumba ya pili. Wote kwake ni wageni wa kuogopwa. Mlinzi mwema ni yule ajuaye watu wa kwake na desturi za mahali pake. Huyo atabweka akisikia hatua za usiku asizozijua, na kubweka ndiko kunakowaamsha wenye nyumba.

Hatari kubwa kuliko zote

Kuna sababu nyingine ya kutolidharau jeraha la mbwa, hata liwe dogo. Kichaa cha mbwa kilithibitishwa nchini Kenya mara ya kwanza mwaka 1912, na hakijaondoka. Mwaka 2014 Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kukomesha vifo vya watu kwa ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030, na nguzo yake kubwa ni kuchanja mbwa. Mtoto wa mbwa achanjwe kwa wakati atakaoagizwa na daktari wa mifugo, na chanjo irudiwe kama atakavyoelekeza. Mafunzo hayawezi kuchukua mahali pa chanjo, wala chanjo haiwezi kuchukua mahali pa mafunzo.

Mtu akiumwa au akikwaruzwa na mbwa mpaka ngozi ikachubuka, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile ili apimiwe haja ya sindano za kinga. Asingoje kuona kama ataugua, maana dalili za ugonjwa zikishatokea, karibu hakuna aponaye. Asidharau kwa kuwa mwumaji alikuwa mdogo, kwani hata watoto wa mbwa hushikwa na kichaa. Nao mbwa aliyebadilika tabia kwa ghafula, akawa anatokwa na mate mengi, anayumbayumba au anauma kila kitu, asijaribiwe kufundishwa. Watu wajitenge naye, na daktari wa mifugo aarifiwe upesi.

Kwa mtoto wa mbwa aliye mzima, kazi ya mafunzo huenda kwa wiki kadhaa, na ziko siku ambazo ataonekana amesahau yote, hasa meno yanapobadilika. Mwenye mbwa asikate tamaa wala asibadili njia. Akishika neno lile lile na desturi ile ile mpaka meno ya ukubwa yatimie, atakuwa na mbwa ambaye usiku hubweka penye haja, na asubuhi watoto humpita mlangoni wakienda shule bila hofu.