SOMO: KUJUA KUSOGEZA KETE SI KUJUA KUCHEZA
Misingi ya sataranji kwa vikundi vya vijana



Mwaka jana kamati ya usharika mmoja ilichangisha fedha na kununua mbao sita za sataranji, mchezo ambao vijana wengi huuita chesi. Wiki za kwanza ukumbi ulijaa. Nilipopita baada ya miezi mitatu nilikuta mbao zote kabatini. Nikauliza kulikoni. Kijana mmoja akajibu: "Wawili tu ndio wanaoshinda. Sisi wengine tunafungwa kabla hatujaanza."

Kosa lilikuwa letu sisi viongozi. Tulitumia alasiri moja kuonyesha jinsi kila kete inavyotembea, tukapiga picha ya kumbukumbu, tukaondoka. Kifaa kilikuwepo, somo halikuwepo. Ndiyo maana tunaleta somo hili fupi kwa viongozi wa vijana na wanakamati wanaokaa nao. Linamfaa yeyote anayejua tayari mwendo wa kete.

1. Shika katikati

Ubao una miraba 64. Minne ya katikati (d4, e4, d5 na e5) ndiyo njia panda ya mchezo wote. Mweke farasi katikati, uhesabu: anaweza kwenda miraba minane. Mweke pembeni kabisa kwenye kona: miwili tu. Kete ni ileile, lakini nguvu yake si ileile. Kwa hiyo anza kwa kusogeza askari wa mbele ya mfalme au wa mbele ya malkia hatua mbili.

2. Wape wote kazi

Anayeanza hupenda kumtoa malkia mapema na kumzungusha peke yake, huku farasi na maaskofu wamelala nyumbani. Toa kwanza farasi na maaskofu. Usisogeze kete moja mara mbili mwanzoni bila sababu. Shambulio la kete moja hufukuzwa. Shambulio la kete nne ni vigumu kulizuia.

3. Mfiche mfalme mapema

Mfalme na ngome wakiwa hawajasogea, na katikati yao pakiwa wazi, mfalme huruhusiwa kwenda miraba miwili kuelekea ngome, na ngome ikaruka ikasimama upande wake wa pili. Hatua hii hairuhusiwi mfalme akiwa anashambuliwa, wala akipita au kufikia mraba unaoshambuliwa. Jitahidi kuifanya ndani ya hatua kumi za kwanza.

4. Uliza: mwenzangu anataka nini?

Hili ndilo kubwa kuliko yote. Kabla hujagusa kete, tazama hatua aliyotoka kucheza mwenzako na ujiulize ameifanya kwa nini. Wale vijana wawili walikuwa wakiwashinda wenzao wote kwa mtego mmoja tu wa hatua nne. Uchezeni mezani mkiwa mnasoma:

- Nyeupe anasogeza askari hadi e4. Nyeusi askari hadi e5.
- Nyeupe anamtoa askofu hadi c4. Nyeusi farasi hadi c6.
- Nyeupe anampeleka malkia h5.

Simameni hapo. Malkia na askofu wote wawili wanamwinda askari wa f7, ambaye analindwa na mfalme peke yake. Nyeusi asiyeuliza humtoa farasi wa pili hadi f6, akifurahi kwamba anamtisha malkia. Malkia anamla askari wa f7, mfalme hana pa kukimbilia, mchezo umekwisha.

Anayeuliza huona hatari na kusogeza askari wa g7 hadi g6. Njia ya malkia imezibwa, na yeye mwenyewe anashambuliwa. Akirudi f3 kutisha tena, sasa farasi anakuja f6 na kumkinga askari wa f7. Hesabuni: nyeusi ametoa farasi wawili. Nyeupe amemhamisha malkia mara mbili, tena amekaa mahali ambapo farasi wake angependa kukaa. Mtego umemgeukia aliyeutega.

5. Pima kabla ya kubadilishana

Kipimo kinachotumiwa na wengi ni hiki: askari 1, farasi 3, askofu 3, ngome 5, malkia 9. Mfalme hana bei. Kumtoa farasi ili umle askari mmoja ni hasara, isipokuwa umeona faida nyingine mbele. Ukishatangulia kwa kete, kubalini kubadilishana. Aliye nyuma hubaki na wachache wa kumsaidia.

6. Maliza kazi

Kete zikishapungua, mtoe mfalme aliyejificha aje kusaidia. Msindikize askari wako hadi mstari wa mwisho, ambako hugeuzwa malkia. Lakini angalia: mfalme wa mwenzako asiposhambuliwa, naye akawa hana hatua yoyote halali ya kucheza, mchezo ni sare. Wengi wamepoteza ushindi hapo kwa haraka.

Mfano wa jirani

Mwaka 2004, nchini Uganda, Robert Katende wa shirika la Kikristo la Sports Outreach alianza kufundisha sataranji watoto wa mtaa wa Katwe, Kampala. Kikombe cha uji kiliwavuta wengi. Mmoja wao, Phiona Mutesi, alionyeshwa mwendo wa kete na mtoto mdogo kuliko yeye. Mwaka 2010 aliiwakilisha nchi yake katika Olimpiadi ya sataranji huko Khanty-Mansiysk, Urusi, na mwaka 2016 ikatoka filamu juu ya maisha yake. Mbao peke yake hazikuleta hayo. Palikuwa na mwalimu aliyerudi, na wanafunzi waliofundishana.

Nasi tulirudi katika usharika ule Jumamosi moja, tukafundisha ile hatua ya g6 peke yake. Yule kijana alikaa mbele ya mmoja wa mabingwa wawili. Hakushinda, ila alicheza kwa zaidi ya saa nzima, na alipofungwa aliomba warudie. Siku hizi mbao hutoka kabatini kila Jumamosi.

Maswali ya kujadili katika kamati

1. Ni vifaa gani katika usharika wetu vilivyoko kabatini kwa sababu hakuna anayefundisha?
2. Nani atakaa na vijana kila wiki, na kwa muda gani?
3. Je, wanaojua zaidi wanawafundisha wenzao, au wanawashinda tu?

Tunawashukuru wote waliochangia mbao. Safari hii tunaomba mchango wa muda wenu.