Siri, Mapenzi na Uaminifu Katika Kikundi

Somo la vijana, lisomwe pamoja na wazazi

Somo la toleo hili ni la vijana, lakini tunaomba wazazi nao walisome, kwa kuwa jambo lenyewe linaingia katika kila nyumba.

LENGO LA SOMO: Kutofautisha siri inayomlinda mtu na siri inayomtenga na wenzake, na kujua la kufanya tunapodhani kwamba rafiki ametusaliti.

Utangulizi

Wengi wa vijana wetu wameiona katuni iitwayo Teen Titans, wengine kwenye kibanda cha video, wengine kwenye simu ya rafiki. Mzazi akipita huona watu waliovaa vinyago wakirukaruka na kupigana, naye husema ni upuuzi. Lakini ukikaa ukaitazama mpaka mwisho utaona kwamba vita si jambo kubwa ndani yake. Jambo kubwa ni vijana watano wanaokaa nyumba moja bila wazazi, kila mmoja na siri yake, na usalama wao unategemea kuaminiana.

Katuni hii ilitengenezwa Marekani, ikaonyeshwa kwenye televisheni tangu mwaka 2003 hadi 2006. Ilitokana na vitabu vya picha vilivyoandikwa na Marv Wolfman na kuchorwa na George Pérez kuanzia mwaka 1980. Vijana wenyewe ni hawa: Robin, kiongozi, ambaye hana nguvu za ajabu bali akili na mazoezi, Starfire, msichana aliyetoka sayari nyingine, Cyborg, ambaye nusu ya mwili wake ni mashine, Raven, msichana mkimya mwenye joho, na Beast Boy, kijana wa rangi ya kijani anayeweza kujigeuza mnyama yeyote. Adui yao mkubwa ni mtu mzima anayeitwa Slade.

1. Siri ya kiongozi

Robin alitaka sana kumjua Slade ni nani. Basi akavaa kinyago kingine, akajifanya mwizi mgeni mjini, ili Slade amwamini na kumkaribisha. Wenzake hakuwaambia. Wakapigana na mwizi huyo wasijue kuwa ni kiongozi wao wenyewe.

Hila ilishindwa, na siri ikafichuka. Robin alijitetea kwamba alikuwa na nia njema. Ndipo Starfire akamweleza, bila kelele, kwamba yeye na Slade wamefanana katika jambo moja: Slade hakumwamini Robin, na Robin hakuwaamini rafiki zake. Neno hilo lilimchoma kuliko ngumi.

Viongozi wa vikundi, tujipime hapa. Mara ngapi tumeficha jambo tukisema, "Nimeficha kwa faida yao"? Huenda ni kweli. Lakini wakija kujua, hawatauliza kwanza nia yako ilikuwa nini. Watauliza kwa nini hukuwaamini.

2. Siri ya mgeni asiye na makao

Mwaka 2004 katuni ilimleta msichana aitwaye Terra. Alikuwa na nguvu za kuinua mawe na kutikisa ardhi. Hakuwa na nyumba. Alitangatanga peke yake, kwa sababu nguvu zake zilimshinda: kila alipojaribu kusaidia watu, ardhi iliporomoka na madhara yakatokea. Basi akawa mtu wa kuondoka kabla hajafukuzwa.

Tunadhani msomaji wa jarida hili hahitaji kufafanuliwa hali hiyo.

Beast Boy alimpenda tangu siku ya kwanza. Terra alipoona kwamba kijana huyu amegundua udhaifu wake, alimwomba ahadi: asimwambie mtu yeyote. Beast Boy akaahidi, na ahadi akaitunza. Lakini Robin ana macho. Aliona mwenyewe kwamba msichana hawezi kuzitawala nguvu zake. Alipomkaribisha katika kikundi alimtajia kwamba atahitaji kufundishwa kuzitawala.

Terra alisikia hilo tu, akahitimisha: Beast Boy amenisema. Hakuuliza. Alimwita mwongo, akakimbia. Alikimbilia wapi? Kwa Slade, ambaye alikuwa amekwisha kumwambia kwamba rafiki zake watamkataa wakimjua, na kwamba yeye peke yake anaweza kumfundisha.

Tuangalie kwa makini hapa. Terra hakuanguka kwa sababu alikuwa na siri. Aliangushwa na mambo mawili. La kwanza, hakuuliza swali moja jepesi: "Je, wewe ndiwe uliyemwambia?" La pili, baada ya kuwakimbia wenzake, mtu mmoja tu duniani ndiye aliyebaki anaijua siri yake, na mtu huyo alikuwa adui.

3. Jambo lililotokea kwetu

Miaka michache iliyopita, katika kwaya moja ya vijana ninayoifahamu, msichana alimweleza rafiki yake yaliyompata njiani wakati familia yao ilipokimbia. Hakuwa amemwambia mtu mwingine. Baada ya wiki mbili alisikia maneno hayohayo kwenye foleni ya maji. Hakumuuliza rafiki yake. Aliacha kwaya, akaacha kumsalimia, hata akabadili njia ya kwenda shuleni.

Rafiki yule aliapa kwamba hakusema. Mimi nilimwamini, ingawa mpaka leo hatujui maneno yalipitia wapi. Ndugu zangu, tunakaa katika nyumba zilizogawanywa kwa turubai. Jirani akikohoa unamjibu "pole" ukiwa kitandani. Siri hapa ina masikio mengi kuliko yale uliyoyachagua.

Miezi ile ya upweke ndiyo iliyotutia hofu zaidi. Mwanamume mmoja mtu mzima alianza kumpa yule msichana vocha za simu na kumwambia kwamba yeye ndiye pekee anayemwelewa. Shangazi yake aliliona jambo hilo mapema, akalisimamisha. Rafiki yule wa kwaya naye alikwenda nyumbani kwake mara tatu. Mara mbili hakufunguliwa. Mara ya tatu waliongea.

4. Mapenzi na ahadi nyepesi

Turudi kwenye katuni. Terra alirejea baada ya muda, nguvu zake akizitawala vizuri. Vijana wakafurahi. Raven peke yake alisita, naye mwishowe akamkubali. Kumbe ni Slade aliyemfundisha, na alirudi kama mpelelezi.

Usiku ambao roboti za Slade zilipangwa kuvamia nyumba, Terra alimtoa Beast Boy akaenda naye matembezini, ili asidhurike. Wakiwa wamekaa juu kwenye gurudumu kubwa la kubembea, alimuuliza: kama ungejua jambo baya juu yangu, bado ungekuwa rafiki yangu? Beast Boy akajibu bila kufikiri kwamba angekuwa, hata iweje. Saa hiyohiyo Slade akatokea, akasema yote. Na yule aliyeahidi "hata iweje" akamwambia Terra kwamba sasa hana rafiki hata mmoja.

Vijana, msimhukumu haraka. Aliumizwa kweli, na nyumba yake ilikuwa inashambuliwa. Lakini jifunzeni kwamba mapenzi hufanya ulimi uwe mwepesi. Ukiulizwa swali kama lile, usikimbilie kuapa. Sema, "Niambie kwanza, nami sitaondoka kabla hujamaliza." Ahadi hiyo ni ndogo, lakini unaweza kuitimiza.

Na wewe unayependwa, usimfiche mpenzi wako jambo litakalowaumiza wenzenu wote. Terra alimwokoa mmoja akawaacha wanne hatarini. Mapenzi ya namna hiyo ndani ya kikundi huwagharimu wengine.

5. Miisho miwili

Katika vitabu vya picha, ambamo Terra alionekana mara ya kwanza mwaka 1982, waandishi walimkusudia awe msaliti tangu mwanzo. Hadithi ya mwisho wake ilitoka mwaka 1984, na jina lake lina neno Yuda ndani yake: The Judas Contract, yaani mkataba wa Yuda. Humo Terra hakutubu. Alikufa akiwa na hasira, akiangamizwa na nguvu zake mwenyewe.

Watengenezaji wa katuni walichagua njia nyingine. Terra wao alifanya mabaya yaleyale, akapigana na rafiki zake hata akadhani amewaua. Lakini mwishoni, Slade akiwa ameutawala mwili wake kwa vazi la mashine, Beast Boy alimwendea. Hakumwambia kwamba hana kosa. Alimwambia kwamba uchaguzi bado ni wake. Terra akamgeukia Slade, na volkano ilipoanza kulipuka chini ya mji, alibaki peke yake kuizuia. Akageuka jiwe. Wenzake waliweka kibao miguuni pake, wakamwandika kuwa mmoja wao na rafiki wa kweli.

Sisi tunawajua watu wawili walioshindwa usiku mmoja, Yuda na Petro. Mmoja alikwenda zake peke yake. Mwingine alilia, lakini aliendelea kukaa na wenzake, na asubuhi moja kando ya ziwa akaulizwa maswali, akajibu. (Someni Mathayo 26 na 27, na Yohana 21.)

6. Tufanye nini?

Siri ya mwenzako kuhusu maumivu yake, itunze. Si habari ya kwenye foleni.

Siri inayohusu hatari, kama kupigwa, kutishwa, kushawishiwa na mtu mzima au kutaka kujiua, usiibebe peke yako. Mwambie mtu mzima mmoja unayemwamini, na umjulishe mwenzako kwamba utasema. Huko si kusaliti.

Mtu anayekuambia "usimwambie mama yako, mimi tu ndiye ninayekuelewa", mwogope. Hayo ndiyo maneno ya Slade.

Ukidhani umesalitiwa, uliza kabla ya kuondoka. Uliza uso kwa uso.

Wazazi, mtoto akikuambia siri nzito, usianze na fimbo wala kelele. Akipigwa kwa kusema ukweli, safari ijayo atamtafuta mwingine wa kumwambia.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Je, Robin alikosea kuficha mpango wake? Ungekuwa yeye ungemwambia nani?

2. Kwa nini Terra alimwamini Slade kuliko Beast Boy?

3. Taja siri ambayo ni halali kuitunza na siri ambayo ni lazima isemwe. (Usitaje jina la mtu.)

4. Je, kikundi chenu kinaweza kumpokea tena aliyewasaliti? Kwa masharti gani?

5. Wazazi: mtoto wako akiwa na jambo zito usiku huu, atamwambia nani?

Yule msichana wa kwaya alirudi baada ya miezi tisa. Siku ya kwanza alikaa benchi la nyuma, hakuimba. Hakuna aliyemuuliza kitu. Rafiki yake alisogea akamwachia nafasi, wakashika kitabu kimoja cha nyimbo.

Tuonane katika toleo lijalo.