Sheria Moja ya Mchezo

Wako watu wadhanio ya kuwa mtu atakaye kutunga mchezo wa kompyuta huanza kwa picha na rangi. Sivyo. Kwanza hutafuta wazo: mchezaji afanye nini, azuiliwe na nini, na kwa nini atamani kucheza tena? Akiisha kulipata, huweka sheria. Picha ni nguo tu, na nguo hukatwa kwa kuufuata mwili.

Tumtazame Alexey Pajitnov. Mwaka 1984 alikuwa mtaalamu wa kompyuta mjini Moscow, katika Akademia ya Sayansi ya Umoja wa Kisovieti. Alipenda mchezo wa vipande vya namna 12, kila kimoja kina umbo la miraba 5 iliyoungana. Mchezaji huvipanga ndani ya kisanduku visiache nafasi. Pajitnov akawaza: je, vipande hivyo vikianguka kutoka juu kimoja kimoja, na mchezaji akavigeuza kabla havijafika chini, itakuwaje?

Wazo lilikuwa jema, lakini namna 12 zilikuwa nyingi mno kwa mtu anayeharakishwa. Basi akapunguza miraba kutoka 5 hata 4, na vipande vikawa namna 7 tu. Hata hivyo shida kubwa ilibaki. Uwanja ulikuwa na nafasi 10 kwa upana na 20 kwa kimo, nao ulijaa upesi, mchezo ukaisha kabla haujanoga. Mtu mwingine angeupanua uwanja. Lakini uwanja mpana huchelewa kujaa, haukosi kujaa. Pajitnov aliona ya kuwa safu iliyokwisha kujaa haina kazi tena, bali yachukua nafasi bure. Akaweka sheria: safu ikijaa pasipo tundu, itoweke, na vilivyo juu yake vishuke.

Tangu hapo mchezo uliweza kuendelea maadamu mchezaji ana akili na wepesi. Tundu aliloliacha kwa haraka hulikuta baadaye limefunikwa, naye hana budi kulifukua safu kwa safu.

Na picha je? Kompyuta yake, Elektronika 60, haikuweza kuchora hata kidogo, kwa hiyo kila mraba aliufanyiza kwa alama za mabano. Rangi zilikuja baadaye, mchezo ulipohamishiwa kompyuta nyingine kwa msaada wa Vadim Gerasimov, mwanafunzi wa miaka 16. Jina lake, Tetris, limetoka katika neno la Kiyunani la nne, likaunganishwa na tenisi, mchezo alioupenda Pajitnov.

Zoezi. Twaa karatasi ya miraba, ukate vipande vyote viwezavyo kupatikana kwa miraba 4 iliyoungana ubavu kwa ubavu. Ukipata namna 5 tu, tazama tena: viwili kati yake vina wenzi, kama mkono wa kuume ulivyo na wa kushoto. Kisha iondoe sheria ya safu kutoweka, uweke yako mahali pake, ucheze na mwenzako, mwone kama uwanja utajaa.