Mtoto Akiota Meno: Tusiyasingizie Meno Kila Ugonjwa

Mtoto wa miezi saba anaharisha, mwili unachemka, na jirani anamwambia mama yake, "Ni meno hayo, yatapita." Kauli hii huwachelewesha watoto kufika zahanati. Kuota meno ni hatua ya ukuaji. Hakuleti homa kali wala kuharisha.

Mbona basi mambo haya huja pamoja? Jino la kwanza, mara nyingi mojawapo ya mawili ya mbele chini, huchomoza karibu na miezi sita. Umri huohuo kinga aliyopewa na mama tumboni imepungua, ameanza uji, anatambaa, na kila anachookota anakitia kinywani. Vijidudu vya kuharisha hupita humo. Malaria nayo haingoji jino litoke. Na kwa kuwa meno 20 ya utoto hutoka kidogo kidogo hadi mtoto anapokaribia miaka mitatu, anayetaka kuyasingizia hatakosa nafasi.

Dalili za kweli

Mate humtiririka, ufizi huvimba na kuwa mwekundu, hung'ata vidole na hata chuchu, usiku husumbua. Joto linaweza kupanda kidogo, lakini halifiki nyuzi 38. Wengine hawaonyeshi lolote. Mama hushtukia kijiko kikigonga jino. Na yule aliyetanguliza meno ya juu, ambaye wazee walimwita kigego na kumwona nuksi, ni mtoto mzima kama wenzake.

Kumpunguzia maumivu

Nawa mikono kwa sabuni, kisha msugue ufizi taratibu kwa kidole. Mpe kitambaa safi kilicholowekwa kwenye maji baridi yaliyochemshwa akitafune ukimwangalia. Mfute mate ili kidevu kisichubuke, na uendelee kumnyonyesha. Akizidiwa, parasetamoli ya maji inafaa, kwa kipimo alichoelekeza mhudumu wa afya kulingana na uzito. Aspirini, pombe na jeli za ganzi zisimguse. Shanga za shingoni nazo ziacheni: uzi unaweza kumkaba, na punje ikikatika ikampalia.

"Meno ya plastiki"

Hapa tunaomba bibi, shangazi na akina baba wasome pia. Katika baadhi ya maeneo ya Tanzania, Kenya na Uganda, mtoto mwenye homa au anayeharisha hufunuliwa kinywa, na uvimbe mweupe ukionekana kwenye ufizi, familia huambiwa ana meno ya plastiki, au ya nailoni, yang'olewe. Uvimbe huo ni jino la chonge la utoto likiwa bado ndani. Halijakomaa, ni laini, ndiyo maana likifukuliwa hufanana na plastiki.

Hufukuliwa kwa kisu, msumari au spoku ya baiskeli, bila ganzi. Mtoto aliyekwisha kuishiwa maji mwilini anapoteza na damu. Anaweza kupata pepopunda, sumu ya vijidudu kwenye damu au virusi vya UKIMWI, na wapo waliokufa. Jino la ukubwani lililo chini yake nalo huweza kuharibika. Wanaosema "wa kwangu alipona" wanasahau kwamba kuharisha kwingi huisha kwenyewe baada ya siku chache. Sifa akapewa aliyeshika kisu.

Kama mtoto wako ameshafanyiwa hivyo, mpeleke hospitali na useme ukweli. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa.

Usisubiri

Anayeharisha aanzishiwe ORS mara moja, aendelee kunyonya, na apewe zinki kama atakavyoelekeza mhudumu. Mwenye homa apimwe malaria. Akikataa kunyonya, akitapika kila kitu, akilegea, akipata degedege, macho yakididimia au kinyesi kikiwa na damu, apelekwe kituo cha afya saa hiyohiyo, awe ana jino au hana.